Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya na elimu: msimpime kijana kwa wastani wa jinsia yake

Waheshimiwa Mawaziri wa Afya na Elimu, Waheshimiwa Wabunge mnaopitisha bajeti za huduma za vijana, na ninyi wakuu wa taasisi mnaoandaa mitaala ya kinga na miongozo ya tiba,

Nawaandikia kuhusu vijana wa rika la balehe wanaotumia pombe, tumbaku, bangi na dawa nyingine za kulevya, na kuhusu ubishi wa muda mrefu wa kama wavulana na wasichana hutofautiana katika matumizi hayo kwa sababu ya maumbile au kwa sababu ya malezi. Mimi ni mshauri nasaha, na kazi yangu hunikutanisha na vijana hawa baada ya tatizo kujulikana, mara nyingi likiwa limekwisha kukomaa. Kwa ninavyoona, ubishi huo umezaa makosa mawili yanayokwenda kinyume. Wapo wanaopanga kinga na tiba kana kwamba vijana wote ni mmoja, na kwa kuwa aliyefikiriwa tangu mwanzo alikuwa mvulana, msichana hulazimika kuingia katika huduma isiyomjua. Wapo pia wanaochukua wastani wa jinsia na kumbandika kila mtoto, hata mvulana mwenye huzuni akahesabiwa kuwa mkaidi, na msichana mwenye hasira akaambiwa ana huzuni. Ombi langu kwenu ni moja, ingawa lina matawi: tofauti za kijinsia zitumike kupanga huduma, zisitumike kumhukumu kijana mmoja mmoja.

Nianze na takwimu, kwa kuwa ndizo hutajwa kila ubishi unapozuka, na mara nyingi hutajwa nusu. Mwaka 2016 jarida la BMJ Open lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 68 za unywaji wa pombe, zenye jumla ya watu zaidi ya milioni nne waliozaliwa kati ya mwaka 1891 na 2001. Kwa waliozaliwa mwanzoni mwa kipindi hicho, uwezekano wa mwanamume kunywa pombe ulikuwa mara 2.2 ya ule wa mwanamke. Kwa waliozaliwa katika muongo wa mwisho wa karne ya ishirini, ulikuwa mara 1.1 tu. Kwa upande wa madhara yatokanayo na pombe, uwiano ulishuka kutoka 3.6 hadi 1.3. Ini, ubongo na homoni za binadamu haziwezi kubadilika kiasi hicho ndani ya miaka mia moja. Kilichobadilika ni kile ambacho msichana anaruhusiwa kufanya, anachouziwa, anakokwenda na anayekwenda naye. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tofauti ambayo vizazi vilivyotangulia viliiona kuwa ya maumbile ilikuwa ya mila na fursa.

Picha hiyo inaonekana hata kwa walio shuleni leo. Utafiti mkubwa wa afya na mienendo ya wanafunzi wa miaka 11, 13 na 15, unaofanywa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani katika nchi na maeneo 44 ya Ulaya, Asia ya Kati na Kanada, ulitoa matokeo yake ya karibuni mwaka 2024. Miongoni mwa vijana wa miaka 15, asilimia 57 walikwisha kunywa pombe angalau mara moja: wasichana asilimia 59, wavulana asilimia 56. Asilimia 32 ya vijana wa umri huo walikwisha kujaribu sigara za kielektroniki. Nao uchunguzi wa kimataifa wa matumizi ya tumbaku kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15, ulioanza mwaka 1999, umeonyesha katika sehemu nyingi za dunia kwamba pengo kati ya wavulana na wasichana ni dogo kuliko lile lililopo kati ya wanaume na wanawake watu wazima.

Takwimu za aina hii hupokelewa kwa mshtuko kwamba wasichana sasa wamewafikia wavulana. Mshtuko huo unanisikitisha, kwa sababu unadokeza kwamba mambo yalikuwa shwari pale mvulana alipokuwa peke yake mbele. Isitoshe, katika baadhi ya nchi tajiri pengo limefinyika hasa kwa sababu wavulana wamepunguza kunywa kwa kasi kuliko wasichana, jambo ambalo ni habari njema iliyovishwa sura ya msiba. Wala kufinyika kwa pengo hakumaanishi kwamba limetoweka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 2.6 walikufa kutokana na pombe mwaka 2019, na milioni mbili kati yao walikuwa wanaume. Wengi wa wanaume hao walijifunza kunywa wakiwa vijana, mbele ya watu wazima waliosema kwamba ndivyo wavulana walivyo.

Swali la nani hutumia zaidi, kwa hiyo, halina jibu moja, na kila anayelijibu kwa sentensi fupi huacha nje nusu ya watoto. Jibu hubadilika kwa kila dawa, kwa kila umri na kwa kila kizazi. Matumizi mazito ya bangi bado huonekana zaidi kwa wavulana, hali kadhalika homoni za kujaza misuli, ambazo takriban watumiaji wake wote ni wanaume. Dawa za kutuliza na za usingizi zinazomezwa bila kuandikiwa na daktari huonekana zaidi kwa wasichana, na uchunguzi unaofanywa katika shule za Ulaya kila baada ya miaka minne tangu mwaka 1995 umeliona jambo hilo mara kwa mara. Dawa hizo hazina harufu, hazileweshi hadharani, na hutoka kwenye kabati la nyumbani. Mwalimu aliyefundishwa kutafuta macho mekundu na harufu ya moshi hawezi kuziona, na mfumo unaopima ukubwa wa tatizo kwa idadi ya wanafunzi waliokamatwa hautaziona kamwe.

Sitaki barua hii isomwe kama dai kwamba maumbile hayahusiki. Yanahusika, na kuyakana ni kuwadhulumu wasichana kwanza. Kwa wastani, mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume mwenye uzito uleule, hivyo kiasi kilekile cha pombe huacha kiwango kikubwa zaidi katika damu yake. Msichana anayeshindana kunywa na wenzake wa kiume hulipa gharama kubwa kuliko wao, na anastahili kuambiwa hivyo kwa lugha ya wazi, bila kuchanganyiwa na hotuba juu ya heshima ya mwanamke. Aidha, wasichana huanza kubalehe mapema kuliko wavulana, kwa kawaida kwa mwaka mmoja hivi au zaidi, na wale wanaotangulia sana wenzao wamo katika hatari kubwa ya kuanza mapema kunywa na kuvuta, hasa kwa kuwa mwili uliokua huwavuta kwenye kundi la wakubwa wakati akili zao bado ni za watoto wa rika lao. Hapa maumbile na jamii vimefumwa pamoja kiasi kwamba anayetaka kuvitenganisha kabla ya kutoa msaada atasubiri sana.

Ni kweli pia kwamba kwa muda mrefu sayansi yenyewe haikutazama. Mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa mwongozo uliowaondoa wanawake walio katika umri wa kuzaa kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, na mwongozo huo haukuondolewa hadi mwaka 1993. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba katika tafiti za neva na ubongo zilizotumia wanyama wa jinsia moja, zile za madume peke yake zilizidi zile za majike peke yake kwa uwiano wa 5.5 kwa 1. Mwaka 2013 mamlaka hiyohiyo ya Marekani ilielekeza kwamba dozi ya kuanzia ya dawa ya usingizi iitwayo zolpidem ipunguzwe kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa ilionekana kubaki katika damu yao hadi asubuhi kwa kiwango cha juu zaidi. Dawa hiyo ilikuwa imekaa sokoni nchini humo kwa takriban miaka ishirini. Mtu akisema kwamba tafiti hazikuona tofauti, ni haki kumwuliza kwanza kama zilimpima msichana.

Hata hivyo kisa cha dawa hiyo kina upande wa pili, na ningekuwa sitendi haki nisipoutaja. Baadaye walijitokeza wataalamu waliodai kwamba tofauti ya kiwango katika damu haikuthibitishwa kuwa tofauti ya madhara katika maisha, na kwamba kupunguziwa dozi kwa kigezo cha jinsia huenda kukawanyima wanawake tiba inayotosha. Ndivyo ilivyo pia kwa imani iliyoenea kwamba wanawake hufika kwenye uraibu kwa muda mfupi kuliko wanaume tangu siku wanapoanza. Imani hiyo ilijengwa zaidi kwa kuwatazama waliokwisha kufika kwenye tiba. Uchambuzi wa mwaka 2010 uliotumia tafiti mbili za kitaifa za Marekani, zilizohoji watu wa kawaida katika jamii, haukuipata kwa pombe kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Janet Hyde alikusanya chambuzi 46 za tofauti za kisaikolojia kati ya jinsia mbili, akaonyesha kwamba asilimia 78 ya tofauti zilizopimwa zilikuwa ndogo au karibu na sifuri. Tofauti zipo, lakini makundi haya mawili yanaingiliana sana. Wavulana wengi sana hufanana zaidi na wasichana wengi kuliko wanavyofanana na wavulana wenzao, na hilo ndilo jambo ambalo wastani hauwezi kulisema.

Waheshimiwa, ninaposoma miongozo inayotufikia sisi tunaokaa na vijana, naona wastani huo umegeuzwa kuwa maelekezo. Tunaambiwa kwamba mvulana hutumia kwa kutafuta msisimko na kwa shinikizo la marafiki, na kwamba msichana hutumia kwa sababu ya msongo wa mawazo, umbo la mwili au mpenzi aliyemzidi umri. Kwa ujumla wa makundi, kuna ukweli ndani yake. Baada ya balehe, sonona huwapata wasichana takriban mara mbili zaidi ya wavulana. Ukatili wa kingono dhidi ya watoto huwaangukia wasichana zaidi, nao ni miongoni mwa mambo yanayotangulia uraibu kwa uzito mkubwa. Na wapo wasichana wanaovuta sigara ili wasinenepe. Lakini mvulana aliyefanyiwa ukatili wa kingono, ambaye hajamwambia mtu na ambaye pombe ndiyo njia pekee aliyoachiwa ya kulia, hukutana na mwongozo unaomwuliza kuhusu marafiki wabaya. Naye msichana anayependa hatari kwa namna ileile wanavyoipenda wavulana huelekezwa kwenye mazungumzo ya kujithamini, akaondoka akijua kwamba hakuna aliyemsikia. Nimewaona wote wawili, zaidi ya mara moja, na kilichoniuma ni kwamba aliyewapokea hakuwa mzembe. Alifuata mwongozo.

Ipo njia iliyo bora, nayo imekwisha kujaribiwa. Mtafiti Patricia Conrod na wenzake walibuni mafunzo mafupi ya shuleni yanayowapanga vijana kwa tabia nne zinazoashiria hatari: kukata tamaa, wasiwasi uliozidi, kutenda bila kufikiri, na kupenda msisimko. Kijana hujaza dodoso, kisha hukutana na wenzake wachache wanaofanana naye, wakajifunza namna ya kuishi na tabia hiyo bila kukimbilia kileo. Mafunzo hayo yamepimwa kwa majaribio katika nchi kadhaa, zikiwemo Kanada na Uingereza, na yameonyesha kupunguza unywaji na kuchelewesha kuanza. Katika mpango huu jinsia haikufutwa, kwani wasiwasi utawakusanya wasichana wengi zaidi na msisimko wavulana wengi zaidi. Tofauti ni kwamba mlango umefunguliwa na hali ya kijana mwenyewe, na mvulana mwenye wasiwasi hupata nafasi yake bila kulazimika kuwa wa kipekee.

Mitaala ya kinga inayotolewa kwa darasa zima nayo inahitaji kuangaliwa upya. Mpango wa Ulaya uitwao Unplugged, uliojaribiwa katika nchi saba kwa wanafunzi wa miaka 12 hadi 14, ulikuwa miongoni mwa mipango ya shule iliyopimwa kwa umakini mkubwa, na matokeo yake kwa jumla yalikuwa ya kutia moyo. Waandaaji wake walipochambua matokeo kwa jinsia, jambo ambalo wengi hawalifanyi, walikuta kwamba faida ilionekana wazi kwa wavulana, ilhali kwa wasichana kwa ujumla haikuthibitika. Nawapongeza kwa kulisema hilo hadharani. Sasa fikirini ni mipango mingapi inayofadhiliwa leo kwa fedha za umma ambayo imetangazwa kuwa inafanya kazi kwa vijana, wakati hakuna aliyewahi kutazama ni vijana gani. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja haiwi ya wote kwa sababu tu imegawiwa kwa wote.

Kuna upande mmoja ambao haukuwahi kusubiri ubishi wa maumbile na malezi umalizike, nao ni wafanyabiashara. Mwaka 1929 Edward Bernays, aliyeajiriwa na kampuni ya tumbaku, alipanga wanawake wavute sigara hadharani katika maandamano ya Pasaka mjini New York, sigara ikapewa sura ya uhuru wa mwanamke. Sigara ya Marlboro ilianza kuuzwa katika miaka ya 1920 kama sigara laini ya wanawake. Katika miaka ya 1950 jina hilohilo likatangazwa upya kwa picha za wanaume wachunga ng'ombe, likawa alama ya uanaume. Kilichogeuzwa zaidi ya vyote ni hadithi iliyosimuliwa kuhusu anayevuta. Mwaka 1968 ikaja Virginia Slims, nyembamba, kwa ajili ya wanawake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba idadi ya wasichana wa chini ya miaka 18 walioanza kuvuta nchini humo ilianza kupanda kwa ghafla mnamo mwaka 1967, wakati sigara za wanawake zilipoingia sokoni kwa matangazo makubwa, na kwamba kupanda huko hakukuonekana kwa wavulana.

Nayaleta haya kwenu kwa sababu nyingine zaidi ya historia. Mbinu hiyo inaendelea katika vileo vitamu vyenye rangi za kupendeza, katika sigara za kielektroniki zenye ladha ya matunda, katika video fupi ambamo kijana mwenye umbo la kutamaniwa hutabasamu akiwa na kinywaji mkononi. Wauzaji wanajua ni picha gani ya mwanamke na ni picha gani ya mwanamume itakayomshika mtoto wa miaka 14, na wanalijua kwa undani kuliko wizara zenu. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2005, unataja katika dibaji yake wasiwasi juu ya kuongezeka kwa uvutaji miongoni mwa wanawake na wasichana wadogo, na unataka mikakati inayozingatia jinsia. Kifungu chake cha 13 kinataka matangazo yote ya tumbaku yapigwe marufuku kadiri katiba ya nchi inavyoruhusu. Nchi zilizoridhia mkataba huo zimekwisha kuahidi. Naomba marufuku hiyo isimamiwe hadi kwenye simu za vijana, na itumike pia kwa pombe na kwa bidhaa mpya za nikotini zinazojificha nyuma ya jina la teknolojia.

Nifike sasa kwenye tiba, ambako naamini dhuluma ni kubwa kuliko kwingine kokote. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2024, mwanamume mmoja kati ya saba wenye matatizo yatokanayo na dawa za kulevya ndiye hupata tiba. Idadi hiyo peke yake ni aibu. Kwa wanawake ni mmoja kati ya 18. Tukizungumza juu ya tofauti za kijinsia na tukaiacha hii, tunacheza. Haitokani na homoni wala na umbo la ubongo. Inatokana na vituo vilivyojengwa kwa ajili ya wanaume, vyenye mabweni yasiyo salama kwa msichana na vikao vya pamoja ambamo anatakiwa kueleza alivyobakwa mbele ya watu wanaofanana na aliyembaka. Inatokana na masharti ya kibali cha mzazi, hata pale ambapo mzazi au ndugu ndiye chanzo cha maumivu. Inatokana pia na fedheha. Mvulana akilewa husemwa kuwa atakua aache. Msichana akilewa husemwa kuwa ameharibika, na neno hilo humfuata hadi kwenye ndoa na kazi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini msichana huyu hakuyaficha kwa ujinga. Aliyaficha kwa kuwa alijua bei ya kuyataja.

Kuna jambo dogo ambalo linanikera katika nyaraka nyingi zinazomtaja msichana anayetumia vileo. Sentensi ya kwanza humtaja yeye, na ya pili huhamia kwa mtoto atakayemzaa. Madhara ya pombe kwa mimba ni makubwa na ya kweli, na kila kijana, wa kike na wa kiume, anapaswa kuyajua. Lakini msichana wa miaka 15 ni mtoto aliye mbele yenu sasa hivi, mwenye ini lake, mitihani yake na hofu zake. Akisoma kwamba serikali inamjali kwa sababu ya tumbo lake tu, atakuwa ameelewa vizuri alichosoma.

Mvulana naye ana mlango wake, na mara nyingi mlango huo ni polisi. Hufukuzwa shule haraka kuliko msichana, hupekuliwa haraka, na humfikia hakimu kabla hajamfikia mshauri. Kumfukuza shule mtoto aliyekutwa na bangi ni kumwondoa mahali pekee penye watu wazima wanaomwona kila siku, na kumpeleka mahali penye muda mwingi na wauzaji wengi. Sijui jina jingine la kukipa kitendo hicho isipokuwa kumtelekeza. Hali hii nayo ni tofauti ya kijinsia, ingawa haitajwi sana kwenye mijadala, na imetengenezwa na kanuni ambazo zimo mikononi mwenu kuzibadilisha. Kanuni za nidhamu za shule ziagize kwamba mwanafunzi anayekutwa akitumia apelekwe kwanza kwa mshauri na mhudumu wa afya, na kwamba kufukuzwa kusiwe hatua ya kwanza kwa mtumiaji, awe wa kike au wa kiume.

Kwa upande wa vituo vya tiba, naomba bajeti itenge nafasi salama za wasichana wa chini ya miaka 18, zenye wahudumu wa kike waliofunzwa kuwahudumia waliopitia ukatili, na zenye saa zisizogongana na masomo. Naomba pia wavulana wapewe mahali pa kuongea faraghani, kwa kuwa wengi wao hawatasema la maana wakiwa katika kundi la wenzao. Dodoso la uchunguzi linalotumika shuleni na kliniki liwe na maswali yaleyale kwa wote: kuhusu usingizi, huzuni, ukatili, dawa za kabatini, misuli na uzito, na kuhusu anayempa kijana kile anachotumia. Mhudumu asiruhusiwe kuruka swali kwa kuwa aliye mbele yake ni mvulana au ni msichana. Sheria zimwezeshe kijana kuomba ushauri kwa siri pale ambapo kumshirikisha mzazi kungemweka hatarini.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 33, unazitaka nchi zichukue hatua zote zinazofaa kumlinda mtoto dhidi ya dawa za kulevya, na kifungu cha 12 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Vifungu hivyo viwili havisomwi pamoja mara nyingi. Kamati zinazoandaa miongozo huwa na madaktari, maofisa wa polisi, viongozi wa dini na wawakilishi wa wizara. Kijana aliyewahi kutumia na kuacha huitwa mwishoni, kutoa ushuhuda wakati wa uzinduzi, apigiwe makofi. Naomba aitwe mwanzoni, wavulana na wasichana kwa vikao tofauti na kisha kwa pamoja, kwa sababu yapo wasiyoyasema mbele ya jinsia nyingine na yapo wanayoyagundua kwamba ni yaleyale.

Katika yote niliyoyaomba, lililo rahisi kuanza nalo ni la takwimu. Fomu zenye jinsia na umri wa kijana hujazwa kila siku shuleni na kliniki. Kinachokosekana ni agizo la kuzichambua kwa jinsia, kwa umri na kwa aina ya kileo, na kuyachapisha matokeo hata pale yanapoonyesha kwamba mpango tulioupenda haukumsaidia nusu ya waliolengwa. Naomba agizo hilo litolewe kabla ya bajeti ijayo kujadiliwa, na kwamba mpango wowote wa kinga au tiba utakaoomba fedha ndani ya bajeti hiyo utakiwe kuonyesha matokeo yake kwa wasichana na kwa wavulana, kila kundi peke yake. Nipo tayari, pamoja na wenzangu wa taaluma hii, kuitwa kusaidia kazi hiyo wakati wowote.

Wenu katika kuwatumikia vijana,

Mshauri nasaha wa vijana